Siku Saba za Kumtafuta Mgeni wa Basra kwenye Delta ya Tana

Nimerudi Mombasa, na matope ya mto Tana yangali kwenye mishono ya viatu. Haya nimeyaokota kwenye daftari lililolowa kurasa za katikati, kwenye picha za simu (nyingi ni za matete, ndege ameshaondoka), na kwenye vikaratasi vya nauli vilivyookolewa mfukoni kabla suruali haijaingia kwenye beseni.

Tulikuwa watano: mtaalamu kutoka Nairobi mwenye kibali cha kunasa ndege na kuwavisha pete, vijana wawili wa Garsen, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi niliyeambukizwa ugonjwa wa darubini na rafiki. Tulikuwa tunamtafuta ndege mmoja tu. Kitaalamu anaitwa Acrocephalus griseldis. Vitabu vya Kizungu humpa jina la mji wa Basra, kule Iraki, na mimi daftarini nilimwandika "Basra" basi. Vijijini tulikopita, kila ndege mdogo wa rangi ya udongo anayejificha kwenye matete ni kadege tu, na huwezi kuwalaumu wenyeji. Mgongo wake ni wa kahawia iliyopauka, tumbo jeupe-jeupe, nyusi nyembamba nyeupe, mdomo mrefu. Hana rangi ya kumtangaza.

Habari yake ndiyo inayomtangaza. Huzaliwa kwenye mabwawa ya matete ya kusini mwa Iraki, kisha huruka zaidi ya kilomita 3,500 kuja kukaa upande wetu, kuanzia kusini mwa Somalia kupitia pwani ya Kenya na mashariki mwa Tanzania hadi Malawi na Msumbiji. Hufika kwetu Novemba na Desemba, akaondoka kabla ya masika kukolea. Ameorodheshwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, na delta ya Tana ni moja ya sehemu anazozitegemea zaidi.

Siku ya 1, Jumatatu 22 Januari 2024: Mombasa, Malindi, Garsen

Nilifika stejini saa kumi na mbili asubuhi. Makanga akaapa kwamba amebakiza watu wawili tu gari lingoke. Saa moja baadaye alikuwa bado anawataka hao hao wawili. Nauli ya Malindi shilingi 500. Malindi nikala mahamri na mbaazi za nazi pamoja na chai, 120, na hapo ndipo safari ilipoanza kunipendeza.

Gari la pili, 600 hadi Garsen, lilivuka daraja la Sabaki taratibu nikapata nafasi ya kuchungulia mto. Mvua za vuli za 2023 zilikuwa zimetesa sana huku, na maji yalikuwa bado ya rangi ya chai ya maziwa. Baada ya Gongoni gurudumu la nyuma likapasuka. Gurudumu la akiba lilikuwepo, jeki haikuwepo. Dereva akasimama katikati ya barabara akipungia kila lori kama anayeaga meli.

Tulikaa hapo saa mbili kasorobo. Kutoka nyumba ya makuti ng'ambo ya barabara akaja mzee na mkeka kwapani, nyuma yake mjukuu na ndoo ya maji yenye kata ndani. Akautandika mkeka chini ya mwembe, akasema, "Karibuni, jua halina mwenyewe," akarudi kwenye kazi yake ya kusuka tenga. Hakutuuliza tunatoka wapi wala tunaenda wapi. Nilipotaka kumpa kijana chochote, babu yake aligeuza uso kama hakuona, na kijana naye, kwa adabu, akaficha mikono nyuma.

Garsen nilifika saa tisa na nusu. Chumba 1,000, chenye chandarua na feni. Umeme ulikatika magharibi ukarudi wakati wa mpira, na hoteli ikajaa. Usiku ule Guinea ya Ikweta iliichapa Ivory Coast 4–0 nyumbani kwake katika Kombe la Afrika. Mzee mmoja aliyevaa kikoi alikuwa akihesabu mabao kwa vidole na kuuliza baada ya kila bao, "Hawa wenyeji ndio weupe au wale wengine?"

*Kwa watakaofuata:* toeni pesa Malindi. Garsen mawakala wa M-Pesa wapo, ila siku ya soko huishiwa noti mapema. Na beba chandarua chako hata ukiambiwa kipo. Changu kilikuwa na tundu la kupitisha popo.

Siku ya 2, Jumanne 23 Januari: Idsowe na "hakuna" nyingi

Kuamka saa kumi alfajiri. Bodaboda tatu, 150 kila mtu, hadi mtoni, halafu mtumbwi wa pondo. Mwenye mtumbwi alikuwa mzee wa Kipokomo, mkavu, mwenye sauti ya chini. Tulimwita Baba na yeye akatuita "nyinyi watu wa ndege". Alituambia sheria moja: akinyanyua pondo juu na kunyamaza, na sisi tunyamaze. Ina maana kuna kiboko.

Kazi yenyewe nieleze, maana nyumbani wanadhani nilikuwa naangalia ndege kwa raha. Tunasimama kila mita 200 kando ya matete au kichaka kilichofurika. Tunasikiliza dakika tano. Kisha mtaalamu anapiga rekodi ya wimbo wake kwenye spika ndogo, dakika mbili, anazima, tunasikiliza tano nyingine. Tunaandika: mahali, kina cha maji, mimea, ng'ombe wamepita au hawajapita, kuna moto au shoka, na mwisho, yupo au hayupo. Rekodi haipigwi zaidi ya hapo. Ndege aliyeruka bahari na jangwa hastahili kushindwa nguvu akigombana na spika.

Kufikia saa nne nilikuwa nimeandika "hakuna" mara 11. Nikaanza kuandika "h." tu. Mtaalamu akaliona daftari, akanirudishia: "Andika neno zima, mwalimu. Mtu atakayesoma miaka kumi ijayo hatajua kama h ni hakuna au hatukufika."

Ugumu ni kwamba kichaka hakiko kimya. Yupo binamu yake mkubwa, naye mgeni kutoka Ulaya na Asia, anayekaribia mara mbili ya uzito wake na sauti ya chura aliyekasirika. Wapo wengine wadogo wa rangi ile ile. Mara tatu niliinua mkono kwa furaha, mara tatu mtaalamu akatikisa kichwa. Mdomo, alisema, tazama mdomo. Wa Basra ni mrefu na mwembamba, na miguu yake ni ya kijivu cheusi. Kuutazama mdomo wa ndege anayejificha nyuma ya majani mia moja ni kazi ya kumtafuta mtu sokoni kwa umbo la kucha.

Ila macho hayakulala njaa. Baada ya mafuriko, samaki na konokono walikuwa wamejaa kwenye madimbwi, na korongo wenye midomo isiyofungika katikati walisimama mamia kwa mamia kwenye manyasi. Yangeyange waliwafuata ng'ombe kwato kwa kwato. Keremkerem wekundu walipanga foleni kwenye waya wa umeme. Furukombe mmoja alichukua kambare mbele yetu, akazidiwa na uzito, akaanza kupiga mbawa majini kuelekea ukingoni kama mtoto anayejifunza kuogelea. Baba alicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Siku ya 3, Jumatano 24 Januari: kichaka cha Mama

Jina la kijiji sitalitaja. Ndege adimu akishajulikana kwa mtaa, hufuatwa na watu wenye lenzi ndefu na subira fupi. Tosha kusema ni ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja kwa miguu, maji yakifika magotini na mara mbili kiunoni.

Shamba lilikuwa la mpunga, na nyuma yake, kati ya mpunga na malisho ya Waorma, wafugaji wa huku, palikuwa na ukanda wa kichaka mbaya kweli: mikindu, miiba, mafunjo na kamba za mimea nisizozijua, yote yamesimama kwenye maji meusi. Mpana kama kiwanja cha mpira, na mrefu kama viwanja vitatu. Mwenye shamba ni mama mjane wa makamo. Wajukuu wake walikuwa juu ya jukwaa la miti wakiwafukuza kwelea kwa makombeo na makopo. Tulipomweleza kwamba sisi tumekuja kutafuta ndege, alitutazama mmoja mmoja, kisha akawaita watoto: "Njooni mwone watu wanaotafuta ndege! Chukueni hawa hapa, bure!"

Tulitandaza nyavu mbili kichakani kabla ya jua kuchomoza. Ni nyembamba kiasi kwamba ukisogea hatua mbili huzioni tena. Sharti ni kuzikagua kila baada ya dakika 20, jua likipanda zikunjwe, na asiyefundishwa asimtoe ndege. Raundi ya kwanza, bilbili mmoja mwenye matusi. Raundi ya pili, patupu. Raundi ya tatu niliona mtaalamu akisimama ghafla, mabega yakashuka, akaanza kutembea polepole kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

Alitoka na mfuko wa kitambaa. Ndani yake, kitu kilikuwa kinapumua.

Nimemwona kwa ukaribu wa sentimita 30. Mgongo rangi ya mchanga wa mtoni uliokauka, bila wekundu wowote. Unyoya mmoja wa mkia ulikuwa mpya, mfupi kuliko wenzake. Kwenye pembe ya mdomo kulikuwa na mguu wa mdudu umebaki, kama mtu aliyekatizwa chakula. Ubawa milimita 82. Mizani ikasema gramu 16. Vijiko vinne vya sukari: ndiyo chai niliyokunywa Malindi. Mtaalamu alimvisha pete yenye namba, akanifundisha kufungua kiganja na kuacha. Kwa nukta moja alibaki amekaa, na kupitia ngozi nilihisi moyo unaokwenda mbio hata mapigo hayahesabiki. Halafu kiganja kikawa chepesi.

Asubuhi ile kichaka kilitupa huyo mmoja wa wavuni na wawili wa kusikia. Kwa siku zote saba, hakuna mahali palipofikia hapo.

Tulipokunja nyavu, Mama alikuwa ametupikia wali wa nazi na kambare wa kukaanga, tukakaa chini ya mkoma. Ndipo Baba, mwenye mtumbwi, akauliza kwao huyu ndege ni wapi hasa, na kwa nini anakwisha. Mtaalamu akachora mchangani kwa kijiti: mito miwili, Tigris na Euphrates, inashuka, inakutana, inatawanyika kuwa bahari ya matete. Watu wa kule wamefuga nyati na kujenga nyumba za matete tangu zama za kale. Miaka ya 1990 serikali ya Saddam ilichimba mifereji na kujenga matuta ili maji yasifike, kuwaadhibu watu waliokuwa wamejificha humo. Kufikia mwaka 2000 karibu asilimia 90 ya mabwawa yale yalikuwa yamekauka. 2003 wenyeji wakayabomoa matuta wenyewe na sehemu ya maji ikarudi, na 2016 UNESCO ikayaandikisha kuwa urithi wa dunia. Hata hivyo ukame unarudi, na huko juu, Uturuki na kwingineko, mabwawa ya umeme na umwagiliaji yanaishikilia mito.

Baba alikitazama kile kijiti kwa muda. "Kwa hiyo na wao," akasema, "wana watu wa juu."

Huku Tana "watu wa juu" ni msemo wenye uzito. Masinga, lililokamilika 1981, na mabwawa mengine manne ya umeme chini yake yanautawala mto kabla haujafika Garissa, na kuna mpango wa muda mrefu wa jingine kubwa zaidi, High Grand Falls. Mpunga wa asili wa huku hutegemea mto ufurike kwa wakati wake na kupungua kwa wakati wake. Mafuriko madogo yaliyokuwa yakija kwa msimu na kurutubisha mashamba yamepungua. Yakija makubwa, kama ya Novemba 2023, yanabeba na nyumba.

Wakati wa kuaga Mama akatupa habari ambayo wali haukuweza kuifunika. Mafuriko yameleta udongo mzuri, kwa hiyo amepanga kukifyeka kichaka chote na kuotesha migomba. Ana wajukuu wanne na karo. Mtaalamu akaeleza umuhimu wa ndege, vizuri tu, kwa heshima. Mama akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa huyu ndege wenu, akikaa kwangu, kodi analipa nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na kalamu, mizani ya gramu na shukrani. Nimeliwaza swali hilo barabara nzima hadi Mombasa, na nasema wazi: katika vikao vya kupanga safari hii tulijadili betri za spika kwa nusu saa, na mwenye kichaka hatukumjadili hata kwa dakika moja.

Siku ya 4, Alhamisi 25 Januari: matope

Pikipiki ilikwama, vituo tisa, "hakuna" tisa, nikateleza na daftari likaogelea.

Kitu kimoja tu cha kusimulia. Adhuhuri tulikaa kivulini karibu na malka, njia ambayo mifugo hupita kwenda mtoni. Mchungaji wa Kiorma, mzee mwenye ndevu za hina, akatukaribisha maziwa kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi. Akachukua darubini yangu, akaishika kinyumenyume, akamwona ng'ombe wake amekuwa mbuzi, akairudisha kwa masikitiko. Akauliza ndege wetu ana nyama kiasi gani. Nikamwambia gramu 16, na manyoya yake. Akasema basi bila shaka ni dawa.

Alipojua tumekuwa kwa Wapokomo, wakulima wa ng'ambo, akasema kwa utulivu kwamba malka ile ilifungwa kwa mashamba kabla ya vita, na baada ya vita wazee wa pande zote wakakaa chini na kuifungua. Vita anavyosema ni vya 2012 na mwanzo wa 2013, ambapo zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii kwa ugomvi wa ardhi na maji. Mpango wa matumizi ya ardhi wa delta uliotolewa 2015 una asili yake humo, na pia katika kesi ya wenyeji kuhusu mashamba makubwa ya miwa. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye karatasi. Kuyasikia na kibuyu mkononi, kutoka kwa mtu aliyepoteza ng'ombe na ndugu, kuliniondolea hamu ya kulalamikia daftari.

*Kwa watakaofuata:* ukipewa maziwa, kunywa umekaa, na usikirudishe kibuyu kwa mkono wa kushoto. Na viatu vya mpira virefu vinajaa maji. Raba kuukuu zilizofungwa kamba vizuri ni bora.

Siku ya 5, Ijumaa 26 Januari: Minjila, Witu, Kipini

Lami ya kwenda Lamu imebadilisha safari hii. Mmoja wa vijana wetu alisimulia jinsi walivyokuwa wakilala njiani kwa matope. Siku hizi kinachokula muda ni vizuizi vya usalama. Tulishuka, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda, mara nne. Kwenye kizuizi cha tatu begi la nyavu likazua maswali. Askari kijana alizinyoosha zile nyuzi juani, akauliza, "Hizi ni za samaki gani?" Barua ya kibali ikatuokoa. Akaisoma yote, akaomba kuona picha ya ndege, akasema bibi yake alikuwa akiwatega kwa ulimbo.

*Kwa watakaofuata:* kitambulisho halisi, si picha ya simuni. Kama una darubini, nyavu au lenzi kubwa, beba barua yenye muhuri, na uliza hali ya barabara siku hiyo hiyo kabla ya kupanda gari. Usipige picha karibu na kizuizi.

Witu tulifika adhana ya Ijumaa ikilia. Waliokuwa wakiswali wakaenda, sisi wengine tukawalindia mizigo, tukala biriani ya kuku kwa 250 iliyonyamazisha meza. Kipini usiku ule: chumba 800, upepo wa kaskazi ukipiga mabati, mwezi ulikuwa umejaa jana yake tu na mchanga wote ulikuwa mweupe.

Siku ya 6, Jumamosi 27 Januari: Ozi, kwa maji ya bamvua

Nahodha alitugongea saa tisa na nusu usiku. Nilidhani anatania. Akasema bamvua hilo, maji makuu ya mwezi mpevu, yanajaa hadi karibu na saa kumi na moja, tukipanda nayo tutafika kijiji cha Ozi kabla hayajageuka. Tukichelewa tutapigana na mto na hela ya mafuta tutaongeza wenyewe. Boti ya injini, kwenda na kurudi, ilikuwa 4,500 kwa watu watano baada ya mapatano.

Sijui niielezeje safari ile ya gizani isiyokuwa giza. Mikoko pande zote mbili, mwezi nyuma yetu, bahari ikitusukuma kuingia nchi kavu. Mara moja nahodha alikata injini, na tulisikia mbele yetu pumzi nzito, mara mbili. Tukaelea bila neno. Alipoona tumepita, alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. "Bado chumvi." Baada ya kona tatu akaonja tena. "Sasa yamechanganyika." Ozi ilipotokea, na jogoo wakiwika, akaonja mara ya mwisho, akanywa.

Mwenyeji wetu pale, baba mwenye shamba la maembe, alisema mwaka huu ni afadhali. Mto umeshuka na nguvu, umeirudisha bahari. Miaka ya ukame, kabla ya mvua hizi, maji ya chumvi yalipanda mpaka mashambani; alituonyesha migomba iliyobaki visiki, na mwembe wa marehemu baba yake uliokufa umesimama. Mto ukipungua kasi huko juu, bahari haihitaji kualikwa.

Tulifanya vituo vyetu kwenye ukingo wa maji baridi, kati ya mpunga na msitu. Kwenye kituo cha mwisho, baada ya rekodi kuzimwa, nilisikia sauti ya chini, ya mikwaruzo laini, maneno mafupi mafupi yenye mapumziko. Mimi, kwa kiapo, ni yeye. Mwanafunzi akasema ni yeye. Mtaalamu alisubiri dakika tano, kumi, ikawa kimya. Akaandika "hakuna uhakika" na kufunga daftari. Nilimnunia hadi chakula cha mchana. Tulipokuwa tukila samaki wa kupaka, akasema bila kuniangalia kwamba miaka iliyopita aliandika "yupo" kwa hamu, mahali fulani, na mwaka uliofuata watu walitumwa huko siku nne kutafuta ndege ambaye hakuwahi kuwepo. Nikampa kipande changu cha mkia.

Kuondoka ilitubidi tungoje maji yageuke, jioni. Baba wa maembe akajaza kiroba, tukamuuliza bei, akauliza kama tumemuuzia kuja kwetu. Kiroba kiligawanywa Kipini, yakabaki manne, nikayabeba mimi.

Siku ya 7, Jumapili 28 Januari: kurudi

Kipini hadi Mombasa kwa siku moja inawezekana ukianza saa kumi na moja na ukiwa tayari kukaa na kuku miguuni. Nauli zote 1,450. Minjila tuliagana, mtaalamu alirudi kwa ndege wengine huko Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 ndege wahamaji wanaopita usiku wa ukungu, Basra akiwemo, hunaswa na kuvishwa pete. Vijana wawili wa Garsen ndio watakaoendelea na vituo vyetu kila mwezi hadi ndege waondoke. Kama una darubini ya ziada kabatini, wao wanatumia moja kwa zamu.

Nimeshawaandikia wenzangu kuhusu kichaka. Nimependekeza tumtafutie Mama miche ya migomba na mtu wa kumsaidia kuiotesha upande wa juu wa shamba, ambako udongo wa mafuriko pia umefika na hakuna ndege wa kumpoteza. Miche 60 haifiki gharama ya nyavu mbili. Majibu bado yanakuja, moja baada ya jingine, mengi yakianza na "wazo zuri".

Mama mwenyewe hakungoja. Juzi usiku amenipigia kwa simu ya mjukuu. Salamu zikaenda hadi kwa watu ambao hawajawahi kuonana, kisha akasema:

"Mwalimu, nimefyeka mpaka pale kwenye mkindu mrefu. Ule wa nyuma, wenye maji, nimeuacha. Huyo wenu anarudi lini?"

Nikamwambia Novemba.

"Basi Novemba mje mapema. Na mje na hiyo miche, si maneno."